Mizoga ya kulungu haionyeshi virusi vilipo

Agosti inapoelekea ukingoni, ofisi za wanyamapori katika majimbo ya kati na ya kaskazini mwa Marekani huanza kupokea simu zinazofanana. Mwenye shamba amekuta kulungu watatu wamekufa kando ya bwawa. Mwingine amemkuta mmoja amelala ndani ya kijito, ulimi umevimba na kubadilika rangi, damu imekauka puani. Wanyama wenyewe wamenona, hawana jeraha la risasi wala la jino. Wiki mbili baadaye idadi imefika mamia, ramani ya jimbo imepakwa rangi nyekundu kwenye kaunti zilizoathirika, na karibu kila anayeitazama anaisoma vivyo hivyo: penye nyekundu pana ugonjwa, pasipo na nyekundu pako salama.

Usomaji huo una makosa, na makosa hayo yana gharama. Ramani ya mizoga inaonyesha mahali ambapo miili ya wanyama haijavizoea virusi. Mahali ambapo virusi vinaishi mwaka hadi mwaka, mara nyingi ramani hiyo ni nyeupe kabisa.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni homa ya kuvuja damu ya kulungu, ambayo wataalamu wa mifugo na wanyamapori huiita kwa kifupi EHD. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, kulungu wa mkia mweupe walipokufa kwa wingi huko New Jersey, na Richard Shope na wenzake wakathibitisha kwamba chanzo ni virusi. Una ndugu yake wa karibu, ulimi buluu, unaojulikana zaidi kwa wafugaji wa kondoo. Virusi vya magonjwa yote mawili ni vya jenasi moja, Orbivirus, na vyote hubeba vinasaba vyao katika vipande 10 vinavyoweza kuchanganyika pale aina mbili zinapokutana ndani ya seli moja. Kwa kulungu aliyekufa, hakuna jicho linaloweza kuyatofautisha; ni maabara tu. Ndiyo maana watafiti wengi wa Marekani huyaweka yote mawili katika kapu moja la magonjwa ya kuvuja damu.

Anayeyasambaza ni kisubi wa jenasi ya Culicoides, mdudu wa milimita moja hadi tatu, mdogo kiasi cha kupita kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Anayeuma ni jike, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yakomae, na huuma zaidi jioni na alfajiri. Amerika Kaskazini msambazaji anayejulikana vizuri zaidi ni Culicoides sonorensis. Afrika na pande za Mediterania ni Culicoides imicola, na kaskazini mwa Ulaya ni kundi la Culicoides obsoletus. Mnyama mmoja hamwambukizi mwenzake kwa kupumua karibu naye au kula naye kwenye hori moja. Ukimwondoa kisubi, mlipuko hauna njia. Jambo hili dogo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, ndiyo maana nasikitika kila ninapoona maagizo ya dharura yanayolisahau.

Virusi vikishaingia kwa mnyama hushambulia seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu. Mishipa huanza kuvuja, mapafu hujaa maji, kichwa na shingo huvimba, na damu hupoteza uwezo wa kuganda. Homa hupanda sana, na mnyama huenda majini kutafuta ubaridi na kukata kiu. Siku tano hadi kumi baada ya kuumwa ndipo dalili hutokea, na kwa kulungu asiye na kinga kifo kinaweza kufika ndani ya siku moja au mbili tu baada ya hapo. Ndiyo sababu miili inakutwa ikiwa imenona: hakuna muda wa kukonda. Wanaopona hubaki na alama kwenye kwato. Ukuaji wa kwato husimama wakati wa homa, kisha ukiendelea huacha mfereji au ufa, na wawindaji wa majimbo ya kusini wanaijua alama hiyo vizuri.

Majimbo ya kusini, hasa, ndiyo yanayoivuruga ile ramani nyekundu. Huko kisubi huruka sehemu kubwa ya mwaka na virusi huzunguka karibu kila msimu. Ungetarajia mizoga iwe imezagaa, lakini vifo ni vichache, na mara nyingi dalili pekee ni hizo kwato zenye ufa zinazoonekana wakati wa msimu wa uwindaji. Sababu ya kwanza ni kinga. Kulungu wengi wa kusini wamewahi kuambukizwa na wana kingamwili katika damu. Mama huzipitisha kwa mtoto kupitia maziwa ya mwanzo, na mtoto hukutana na virusi kwa mara ya kwanza akiwa bado ana ngao ya mama yake. Anaambukizwa, haugui sana, naye anajijengea kinga yake mwenyewe. Mzunguko huo ukiendelea bila kukatika, ugonjwa upo kila mahali na haumuui karibu yeyote.

Sababu ya pili imo ndani ya damu ya wanyama wenyewe. Watafiti waliwahi kuwaambukiza virusi vya EHD watoto wa kulungu wa jamii mbili, wa Texas na wa kaskazini, wote wakiwa hawajawahi kukutana navyo. Wa kaskazini waliugua vibaya na kufa. Wa Texas waliambukizwa vilevile, virusi vikaonekana katika damu yao, lakini ugonjwa ulikuwa mwepesi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2002, na kwa maoni yangu yalistahili kubadilisha namna tunavyouzungumzia ugonjwa huu, kwani yanaonyesha kwamba vizazi vingi vya kuishi na virusi huacha alama ambayo haitokani na maambukizi ya mwaka jana au mwaka juzi. Kulungu wa kaskazini hana historia hiyo. Virusi vinapomfikia, vinamkuta mikono mitupu.

Jambo hili ni la zamani kuliko EHD yenyewe. Ulimi buluu ulianza kuandikwa vitabuni Afrika Kusini, baada ya kondoo wa mbegu za Ulaya, hasa Merino, kupelekwa Rasi ya Tumaini Jema na kuanza kufa kwa homa na vidonda vya midomo. Wanyama wa porini wa eneo hilo walikuwa wakila majani yaleyale na kuumwa na visubi walewale bila kuonyesha lolote. Arnold Theiler alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba chanzo kinapita kwenye vichujio vinavyozuia bakteria, akatengeneza chanjo ya mwanzo. Mwaka 1944 R. M. du Toit akathibitisha kwamba anayebeba ni Culicoides. Kwa muda mrefu watu waliuona kuwa ugonjwa wa kondoo kwa sababu kondoo ndio waliokuwa wanakufa. Virusi vilikuwa nyumbani kwao miaka yote hiyo, ndani ya wanyama ambao hakuna aliyewatazama kwa kuwa hawakuugua.

Ulaya nayo imefundishwa somo hilo zaidi ya mara moja. Agosti 2006 ulimi buluu wa aina ya 8 ulijitokeza katika eneo ambapo Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zinapakana, mbali sana kaskazini kuliko wengi walivyodhani ungeweza kufika. Wengi walitumaini baridi ingeumaliza. Mwaka 2007 ulirudi kwa nguvu zaidi, na mwezi Agosti mwaka huohuo upepo ulivusha visubi Bahari ya Kaskazini hadi mashariki mwa Uingereza, ambako ugonjwa ulithibitishwa mwezi uliofuata. Kampeni kubwa za chanjo za mwaka 2008 ziliukata. Ufaransa ikatangazwa kuwa huru mwaka 2012. Mwaka 2015 virusi vya aina ileile vikaonekana tena katikati ya Ufaransa, vinasaba vyake vikiwa karibu sawa na vile vya mlipuko wa kwanza. Kati ya miaka hiyo hapakuwa na mizoga, na ukimya huo ulichukuliwa kama ushahidi kwamba virusi vimekwisha.

Wakati wa mlipuko huo na baada yake, watafiti wa Hispania walikuwa wakipima damu za kulungu wekundu wa porini. Wengi walikuwa na kingamwili dhidi ya ulimi buluu, hata katika maeneo ambayo mifugo yake ilikuwa imechanjwa. Walipowaambukiza baadhi yao kwa majaribio, vinasaba vya virusi viliendelea kuonekana katika damu kwa wiki nyingi na wanyama hawakuugua. Kwa hiyo kulungu yuleyule anayeweza kuwa mhanga Amerika, kwa jamii nyingine na virusi vingine anaweza kuwa mbebaji mkimya. Ukimtafuta kwa kuhesabu maiti, hutampata kamwe.

Novemba 2022 EHD yenyewe iliingia Ulaya kwa mara ya kwanza: Sardinia, Sicily na kusini mwa Hispania, kwa aina ya 8 ya EHD, tofauti na ile ya 8 ya ulimi buluu, iliyokuwa imeonekana Tunisia mwaka uliotangulia. Septemba 2023 ilikuwa imevuka hadi Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees, na kabla ya msimu kwisha maelfu ya mashamba ya ng'ombe yalikuwa yameathirika. Hapa virusi ambavyo Marekani vinajulikana kama janga la kulungu viligeuka kuwa janga la ng'ombe: homa, vidonda vya mdomo, kuchechemea, maziwa kupungua.

Mwezi huohuo wa Septemba 2023, ulimi buluu wa aina ya 3 ulitokea Uholanzi na kuua kondoo kwa makumi ya maelfu. Chanjo zilizokuwapo zilikuwa za aina nyingine, na kinga ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya aina nyingine kwa uhakika. Chanjo za aina ya 3 ziliruhusiwa kwa dharura mwaka uliofuata, kondoo wengi wakiwa wameshazikwa. Ulimi buluu una aina zaidi ya 24. Nchi inayosubiri kuona ni aina gani itakayoua kabla ya kujiandaa itachelewa kila mara.

Nirudi Marekani, kwa sababu huko ndiko mizoga inakohesabiwa kwa bidii kubwa zaidi na kufahamika vibaya zaidi. Mwaka 2012, mwaka wa ukame mkali, EHD ilipiga majimbo mengi ya kati kwa mpigo. Michigan peke yake ilikadiria vifo vya kulungu zaidi ya 10,000. Ukame na ugonjwa huu huenda pamoja kwa sababu iliyo wazi. Maji yakipungua, ukingo wa bwawa hubaki tope lililochanganyika na kinyesi cha wanyama, na tope hilo ndilo makazi ya viluwiluwi vya Culicoides sonorensis. Wakati huohuo wanyama wote hubanwa kwenye visima na mabwawa machache yaliyobaki. Joto nalo huharakisha kukomaa kwa virusi ndani ya kisubi. Kwenye hewa ya baridi, virusi hukaribia kusimama na kisubi hufa kabla hajawa hatari. Kwenye joto la juu, siku chache zinatosha. Kisha baridi kali ya kwanza ya msimu inaua visubi na simu zinakoma.

Ule ukomo wa ghafla ndio unaowafanya watu waamini kwamba jambo limekwisha. Nami naona ndiyo saa ya kuanza kazi. Kundi lililonusurika limebaki na kingamwili za aina fulani, kwa kiwango fulani, katika kaunti fulani. Taarifa hiyo ndiyo inayoeleza nini kitatokea miaka mitatu au minne ijayo, wakati wazee wenye kinga watakapokuwa wamepungua na watoto wasio nayo wamejaa. Taarifa hiyo haiko kwenye mizoga. Iko kwenye damu ya walio hai, na katika majimbo mengi ya kaskazini hakuna anayeichukua kwa utaratibu.

Badala yake, mlipuko ukitokea, nguvu huenda kwenye mambo yasiyosaidia. Kuna wanaotaka mabwawa yanyunyiziwe dawa. Tope la kisubi limetapakaa katika kila shimo la maji na kila ukingo wa mto. Kulinyunyizia sumu katika pori zima ni kuua wadudu na samaki wengine kwa faida isiyoonekana. Kuna wanaotaka watu wakatazwe kuwalisha kulungu ili wanyama hao wasikusanyike. Kwa ugonjwa unaopita kwa mguso na mate agizo hilo lina maana kubwa, lakini EHD haipiti huko. Wanaolitoa wanachanganya EHD na ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ule uliotambuliwa Colorado katika miaka ya 1960, ambao chanzo chake ni protini iliyoharibika umbo. Huo huenea kwa mate, mkojo na udongo, huchukua mwaka na zaidi kumfikisha mnyama kwenye dalili, na anayeugua hukonda hadi mifupa ionekane. Magonjwa haya mawili hayafanani kwa chanzo, kwa njia wala kwa mwendo. Mwananchi akisikia tu kwamba kulungu wana ugonjwa, hawezi kuyatofautisha, na ofisi inayotoa tangazo moja la jumla inamwacha gizani. Anastahili pia kuambiwa waziwazi kwamba EHD na ulimi buluu haviambukizi binadamu. Nyama ya mnyama aliyeonekana mgonjwa ni ya kuachwa kwa sababu nyingine, kwani mwili uliodhoofika hushambuliwa na bakteria haraka.

Sijadai kwamba kuhesabu mizoga hakuna faida. Tangu mwaka 1980 kituo cha ushirikiano cha magonjwa ya wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Georgia, SCWDS, kimekusanya ripoti za kila kaunti kila mwaka. Bila kazi hiyo tusingejua kwamba mstari wa vifo umekuwa ukipanda kaskazini. Jimbo la New York lilithibitisha EHD kwa mara ya kwanza mwaka 2007, kisha likapata milipuko mikubwa mwaka 2020 na 2021 mfululizo. Ontario, Kanada, iliikuta kwa kulungu wa porini mwaka 2017. Mwaka 2006 aina ya 6, ambayo haikuwahi kuonekana bara hilo, ilipatikana kwa kulungu wa Indiana na Illinois, na ilipatikana kwa sababu mtu alipeleka sampuli za mizoga maabara. Ubaya unaanza pale mizoga inapokuwa dirisha pekee. Kuisubiri ni kama kujifunza tabia za moto kwa kutazama majivu.

Afrika Mashariki ina mfano wa namna nyingine ya kutazama. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya kondoo na wanakondoo kufa kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Msambazaji ni mbu. Aina fulani za Aedes hutaga mayai yaliyokwisha kuambukizwa kwenye mabonde madogo yanayofurika wakati wa mvua kubwa, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miaka. Kati ya milipuko, kingamwili zimekutwa kwa nyati na wanyama wengine wa porini wa Kenya, katika miaka ambayo hakuna ng'ombe aliyetupa mimba wala mchungaji aliyeugua. Yaani virusi vipo, vinazunguka kwa kimya, vinasubiri maji.

Kwa kuwa ilijulikana kinachosubiriwa ni maji, iliwezekana kuyatazama maji. Mwaka 2006, watafiti wakitumia vipimo vya joto la bahari ya Hindi na Pasifiki pamoja na picha za setilaiti za ukijani wa ardhi walitoa tahadhari kwamba Pembe ya Afrika ilikuwa inaelekea kwenye mlipuko. Tahadhari zilitoka wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Garissa mwezi Desemba. Hakuna mzoga uliohitajika. Ni kweli pia, na inauma kusema, kwamba onyo hilo halikuzuia vifo. Watu zaidi ya 100 walikufa Kenya pekee, kwa sababu tofauti na EHD homa hii humwambukiza binadamu, hasa anayeshika damu na mimba zilizotupwa, na chanjo ya mifugo haikufika kwa wakati. Onyo lilikuwapo, fedha na chanjo zilizotengwa kabla ya onyo hazikuwapo. Anayetaka kuiga mfano huo kwa EHD aige vyote viwili, kuona mapema na kuwa na kitu mkononi.

Kwa kulungu, mkononi kuna nini? Hakuna chanjo ya kulungu wa porini na sioni njia ya maana ya kuwachanja mamilioni ya wanyama wasioshikika. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kilichopo ni maamuzi matatu ambayo hufanywa kila mwaka hata hivyo: ni kulungu wangapi wataruhusiwa kuwindwa katika kila kaunti, ng'ombe na kondoo wa eneo gani wachanjwe au wafungiwe ndani jioni, na ni wanyama gani wasihamishwe kutoka kusini kwenda kaskazini au kutoka shamba la kulungu kwenda porini. Yote matatu yangekuwa bora zaidi kama mwenye kuamua angejua kinga ya kundi kabla ya Julai.

Hapa tunakutana na tatizo ambalo si la kibayolojia. Kulungu wako chini ya idara ya wanyamapori, ng'ombe chini ya idara ya kilimo, na kisubi hayuko chini ya yeyote. Mwaka 2012 ng'ombe wa Nebraska na majimbo jirani waliugua EHD katika msimu uleule ambao kulungu wa mitoni walikuwa wanakufa. Mnyama wa porini na wa kufugwa waliumwa na mdudu mmoja kwenye bwawa moja, halafu taarifa zao zikaingia kwenye makabrasha mawili. Mtego wa taa wa kunasa visubi si kifaa cha gharama kubwa, na wadudu walionaswa wanaweza kupimwa virusi kwa mafungu. Nchi za Ulaya zilianza kuweka mitego hiyo kwa utaratibu baada ya ulimi buluu kuwaumiza, na ndiyo maana zinaweza kusema ni wiki gani kisubi ameanza na wiki gani amekoma kuruka. Kazi hii inakwama kwa sababu kila idara inaona ni ya mwenzake.

Wapo wataalamu watakaonijibu kwamba kulungu wa mkia mweupe ni takriban milioni 30 Marekani, kwamba huzaa haraka, na kwamba makundi yaliyopigwa hurudi ndani ya miaka michache. Kwa nchi nzima wana haki, na sipendi makala zinazolia kana kwamba kulungu wanatoweka. Lakini hakuna mwindaji wala mfugaji anayeishi katika wastani wa nchi nzima. Mlipuko wa EHD hupiga kwa madoa: bonde hili linapoteza sehemu kubwa ya kulungu wake, bonde la pili halikuguswa. Ofisi ikiacha idadi ya vibali ileile katika bonde lililopigwa kwa sababu wastani wa jimbo haujatikisika, uwindaji unaongeza kifo juu ya kifo na kundi linachukua miaka mingi zaidi kurudi. Halafu kuna wanyama ambao hawana wingi wa kulungu. Paa wa nyanda za Wyoming, wale waitwao pronghorn, walikufa kwa maelfu kwa ulimi buluu mwaka 1976. Kondoo wa milimani wenye pembe kubwa huishi kwa makundi madogo yaliyotawanyika, na kundi la wanyama 60 likipoteza 30 halina bonde la jirani la kujazia.

Kitu kinachonipa matumaini ni kwamba sampuli zinazohitajika tayari zinapatikana. Kila vuli wawindaji wa Marekani huwaua kulungu wa mkia mweupe wapatao milioni sita. Katika majimbo mengi, maelfu ya wanyama hao hupelekwa kwenye vituo vya ukaguzi ambako mtumishi mwenye glavu anakata tezi za shingoni kwa ajili ya kupima ule ugonjwa wa kudhoofika. Mnyama yupo mezani, umri wake umeandikwa, kaunti yake imeandikwa, kisu kiko mkononi. Kuchukua tone la damu kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, likauke, liwekwe kwenye bahasha, ni kazi ya sekunde chache, na vipimo vya kingamwili dhidi ya EHD na ulimi buluu vimekuwapo kwa miongo. Kwato zikaguliwe hapohapo.

Nianzie wapi kama ningeulizwa? Ningeanza na kaunti zilizo nyeupe kwenye ramani, zile za mstari wa kaskazini ambazo majirani zake wa kusini waliwekewa rangi nyekundu katika miaka mitano iliyopita. Ningepima kulungu wa umri wa mwaka mmoja na nusu peke yao, kwa sababu kingamwili kwa mnyama wa umri huo humaanisha virusi vilipita hapo msimu huu au uliopita tu. Matokeo yakionyesha kwamba karibu wote hawana kinga, idara ya kilimo ya jimbo ipewe taarifa hiyo kabla ya Januari, vibali vya uwindaji vya mwaka unaofuata vitolewe kwa awamu ili nusu yake iweze kusitishwa Septemba, na mitego ya visubi iwekwe kwenye mabwawa ya kaunti hizo kabla joto halijaanza.